Kifo cha Li Zicheng: Ushahidi Uliopo na Namna ya Kuutumia

Kufuatia ongezeko la maswali katika dawati letu la historia ya Asia, mengi yakitokana na video fupi zinazodai kwamba Li Zicheng, kiongozi wa waasi wa China, hakuuawa mwaka 1645 bali alijificha hekaluni na kufa uzeeni akiwa mtawa wa Kibudha, tumeona ni vyema kutoa ufafanuzi kwa walimu, wanafunzi na waandaaji wa vipindi. Tunaamini wanaouliza wana nia njema, ingawa baadhi ya barua zinaonyesha wazi kwamba mwandishi ametazama video na hakufungua kitabu chochote.

Hatutarudia hapa jinsi mtumishi huyo wa zamani wa kituo cha matarishi huko Mizhi, mkoani Shaanxi, alivyofika kuiangusha nasaba ya Ming, kuingia Beijing Aprili 1644, na kuuhama mji huo mwanzoni mwa Juni, baada ya kupigwa kwenye ngome ya Shanhaiguan na majeshi ya Wu Sangui, jemadari wa Ming, na Wamanchu. Ubishi unahusu kiangazi cha mwaka uliofuata. Alikuwa ameshaupoteza mji wa Xi'an na kusukumwa kusini hadi mkoa wa Hubei, ambako aliingia katika Mlima Jiugong, wilayani Tongshan, akiwa na watu wachache tu.

Taarifa ya kwanza ya kifo chake ilitoka kwa adui zake. Mwanamfalme Ajige, aliyeliongoza jeshi la Qing, nasaba ya Wamanchu, lililokuwa likimfukuza, aliarifu serikali yake kwamba kwa mujibu wa mateka, Li Zicheng alizingirwa na wanakijiji mlimani, akakosa pa kutokea na kujinyonga. Ajige alituma mtu aliyemfahamu Li kwenda kuitambua maiti, lakini ilikuwa imeoza kiasi cha kutotambulika. Hapa ndipo shaka ilipozaliwa, na ni shaka halali, kwani hata Dorgon, aliyetawala kwa niaba ya mfalme Shunzhi aliyekuwa bado mtoto, alimkaripia Ajige baadaye kwa kutangaza kwamba mwasi amekufa ilhali habari nyingine zilisema amekimbilia Jiangxi. Ajige alishushwa daraja mwaka huohuo kwa makosa kadhaa, kisha akarudishiwa cheo chake. Wanaodai kwamba adhabu hiyo inathibitisha uongo wa taarifa yake wanapaswa kuyasoma makosa yote yaliyoorodheshwa, likiwemo la kujichukulia farasi wa makabila ya Wamongolia bila idhini.

Taarifa ya pili ilitoka upande wa pili wa vita. He Tengjiao, gavana aliyebaki mtiifu kwa Ming, naye aliiandikia serikali yake, ile ya Ming iliyosalia kusini, kwamba Li aliuawa na wanamgambo wa vijiji katika Mlima Jiugong, ingawa hakuweza kuwasilisha kichwa. Msomaji azingatie kwamba pande hizi mbili zilikuwa vitani, hazikuwa na sababu ya kupatana juu ya maneno, na zinahitilafiana kuhusu namna alivyokufa. Hata hivyo zinataja mlima mmoja.

Masimulizi ya karibu na eneo hilo yanaeleza zaidi. Inasimuliwa kwamba mwanakijiji wa ukoo wa Cheng alipambana na Li mwili kwa mwili katika matope. Li alimlaza chini, akamkalia na kujaribu kuchomoa upanga, lakini upanga ulikuwa umegandamana na ala yake kwa damu na tope, na kabla haujatoka mpwa wa Cheng akampiga kwa nyuma kwa sepetu. Historia rasmi ya Ming, iliyokamilishwa mwaka 1739, inaweka simulizi mbili pamoja, ile ya kujinyonga na ile ya kupigwa jembe kichwani, kisha inakosea mwezi. Inasema ilikuwa mwezi wa tisa, wakati taarifa ya Ajige imeingizwa katika kumbukumbu za Qing mwezi wa sita wa nyongeza wa mwaka huo, yaani mwezi wa ziada ambao kalenda ya Kichina huuweka baada ya mwezi wa sita. Ofisa hawezi kuripoti kifo ambacho hakijatokea.

Sasa kuhusu mtawa. Katika karne ya 18 ofisa mmoja wa Lizhou, mkoani Hunan, aitwaye He Lin, alifika katika Hekalu la Jiashan, wilayani Shimen, akamkuta mtawa mzee aliyewakumbuka wakubwa wake. Alielezwa habari za mtawa aliyeitwa Fengtian Yu, aliyefika miaka ya mwanzo ya mfalme Shunzhi, ambaye hakusema alikotoka ila lafudhi yake ilikuwa ya watu wa magharibi mwa China, na ambaye alifariki mwaka 1674. He Lin alionyeshwa picha yake, akaona sura inalingana na maelezo ya Li katika Historia ya Ming, na akakumbuka kwamba Li alipokuwa jemadari alitumia cheo kilichoanza na maneno hayohayo, Fengtian.

Simulizi hii inavutia, na kaburi la mtawa huyo lipo, hivyo hatusemi kwamba imebuniwa. Tunachosema ni kwamba iliandikwa takriban miaka 100 baada ya tukio, kutoka kinywani mwa mtu ambaye hakumjua Li, na kwamba jeshi lililosambaratika Hubei na Hunan lilikuwa na watu wengi wa Shaanxi wenye sababu ya kuficha walikotoka. Mjane wa Li, Bibi Gao, na mpwa wake Li Guo waliliongoza jeshi lililobaki kujiunga na upande wa Ming mwaka huohuo wa 1645, na mabaki yake yalipigana milimani hadi mwaka 1664. Wanaoitetea simulizi ya mtawa hujibu kwamba Li alijificha makusudi, kwa sababu Ming wasingempokea mtu aliyemfikisha mfalme wao kujinyonga. Hoja ina mantiki, lakini haina shahidi hata mmoja wa wakati huo. Na tunaomba, kwa mara nyingine, isielezwe kwamba kutotambuliwa kwa maiti maana yake ni kwamba mtu alikuwa hai.

Vilevile, kaburi la Tongshan kupewa ulinzi wa kitaifa mwaka 1988 hakuthibitishi mifupa iliyomo ni ya nani. Tongshan na Shimen zote zinapokea wageni, na kila moja ina maslahi yake.

Makala zinazowasilishwa kwetu kwa mapitio zitaje, kwa kila taarifa, aliyeandika, aliyemwambia, mwaka ilipoandikwa, na tarehe kwa kalenda ya Kichina pamoja na ya kawaida, mwezi wa nyongeza ukionyeshwa. Makala isiyotimiza masharti hurudishwa mara moja tu kwa marekebisho. Ikirejea na kasoro zilezile huondolewa katika orodha, na mwandishi hataruhusiwa kuwasilisha mada hiyo tena katika mwaka huo wa mapitio. Nukuu ya kughushi hupelekwa moja kwa moja kwenye kamati ya maadili, hata kama sehemu nyingine za makala ni sahihi.

Katika katalogi yetu, Li Zicheng ataendelea kuorodheshwa hivi: alizaliwa 1606, Mizhi, alifariki 1645, Mlima Jiugong, maiti haikutambuliwa. Fengtian Yu ana kadi yake, na kila kadi inamwelekeza msomaji kwenye nyingine.