Nani alisema kuweka mtu katikati ni makosa?
Kuna hii stori inazunguka kwa wapiga picha wa Nairobi ati ukiweka mtu katikati ya fremu umeharibu, lazima akae kwa ile mistari ya theluthi ya simu, ile inagawa skrini mara tatu. Zii. Hiyo kanuni ya theluthi iliandikwa 1797 na John Thomas Smith, mchoraji Mwingereza, na alikuwa anaongelea michoro ya mandhari, yaani anga ichukue karibu theluthi mbili ama moja, isigawane nusu kwa nusu na ardhi, mambo ya kukataza mtu katikati ya fremu hakuwa nayo. Piga picha ya KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi, ukiwa mbele yake kabisa, alafu usukume ule mnara kando bila sababu, utaona upande mmoja umebaki tupu tu. Matatu inayokimbia Moi Avenue nayo, hapo kando iko na sababu: iachie nafasi mbele, upande inakoenda.