Mwezi haukui unapochomoza

Mwezi mpevu ukichomoza nyuma ya miti huonekana mkubwa kama sinia. Saa chache baadaye uko utosini, umesinyaa kama sarafu. Wengi husema hewa ya kwenye upeo wa macho inaukuza kama lenzi. Sivyo. Hewa huugeuza rangi ukawa wa machungwa, tena huubonyeza kidogo juu na chini, kuukuza, hapana.

Jaribu mwenyewe. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, uufunike kwa ncha ya kidole cha mwisho. Unafunikika wote na nafasi inabaki, maana upana wake angani ni kama nusu digrii tu. Rudia usiku wa manane: ni vile vile. Tena ukiwa chini kwenye upeo uko mbali nasi zaidi, kwa kilomita zinazofikia 6,400 hivi, kwa hiyo kwa kweli ni mdogo kidogo.

Anayetudanganya ni ubongo, na namna hasa anavyofanya wanasayansi bado wanabishana. Mimi huinama nikauchungulia katikati ya miguu: ukubwa ule mara nyingi hupungua, wapita njia wakashangaa.