Eti roboti ndo zinaamua uchaguzi? Dhana potofu kuhusu mitandao na demokrasia

Uchaguzi ukikaribia, popote pale, utasikia yaleyale: mitandao imeua demokrasia, roboti (akaunti za mitandaoni zinazoendeshwa na programu, siyo mtu) ndo zinachagua mshindi, mashine zimechezewa. Mengine yana ukweli kidogo ndani yake ila yamepindishwa, na ukishakazana kuogopa kisicho chenyewe, chenyewe kinapita pembeni hivihivi.

Tuanze na roboti, maana hiyo ndo naisikia kila siku. Kwamba habari feki zinasambazwa na akaunti feki. Akaunti feki zipo, sikatai, zinauzwa kwa mafungu kabisa. Ila mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walitoa kazi yao kwenye jarida la Science, walichambua habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, wakakuta uongo una uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kurushwa tena kuliko ukweli, na hata walipoziondoa roboti kwenye hesabu picha ikabaki ileile. Ni sisi aisee. Uongo una upya, unashtua, halafu ukiwa wa kwanza kuushusha kwenye grupu unaonekana unajua mambo. Hebu angalia ile meseji ya siasa uliyotumiwa juzi WhatsApp, kama juu yake kuna vimshale viwili ujue imeshafowadiwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Jina la mwandishi hakuna, tarehe hakuna, kilichopo ni "mtumie kila mtu kabla hawajaifuta". Tangu Aprili 2020 meseji ya hivyo unaifowadi kwa chati moja tu kwa wakati mmoja, na wapo wanaosema hapo wamenyimwa uhuru wa kuongea. Kwani nani kakukataza kuiandika mwenyewe? Kilichopunguzwa ni mwendo tu.

Halafu kuna wale wa kutaja Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza iliyokuwa inauza huduma za kampeni za siasa, eti watu walibadilishwa akili bila kujijua. Kilichothibitika ni wizi wa data: watu kama 270,000 walijaza dodoso kwenye programu moja ya Facebook, na kupitia wao zikachotwa taarifa za marafiki zao mpaka wasifu kufikia milioni 87, watu ambao hawakuulizwa chochote. Hilo peke yake ni baya la kutosha. Ila kwamba zile data ziliweza kumgeuza mtu kura yake, mpaka leo hakuna aliyeonyesha, na waliokuwa wanajisifu wana uwezo huo ni wao wenyewe waliokuwa wanauza huduma. Muuza dawa hawezi kukwambia haiponyi.

Video na sauti za akili bandia (AI) je? Zinatumika kweli, Januari 2024 wapigakura wa New Hampshire kule Marekani walipigiwa simu na sauti ya kutengeneza ya Biden, rais wao wa wakati huo, ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Mshauri wa siasa aliyeipanga akapigwa faini ya dola milioni 6. Lakini uongo mwingi bado ni wa bei chee, video ya zamani inapewa maelezo mapya basi imetoka. Kinachonitisha mimi ni upande wa pili, kiongozi anarekodiwa kweli akisema ujinga halafu anajitetea kwamba hiyo ni AI, na wafuasi wake wanamwelewa.

Wapo pia wanaosema dawa ni kuzima intaneti wakati wa uchaguzi. Kuzima intaneti hakuzimi uvumi. Kunamzima anayeukanusha.

Mwisho hii ya kwamba uchaguzi ukiwa wa kidijitali wizi unaisha. Ujerumani mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilizikataa mashine za kupigia kura zilizotumika 2005, sababu ni kwamba mwananchi wa kawaida asiye fundi lazima aweze kukagua mwenyewe hatua muhimu za uchaguzi. Sasa linganisha na Kenya 2022, watu walipiga kura kwenye karatasi, teknolojia ikatumika kuonyesha matokeo: picha za fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, mwenye bando akae ajumlishe. Vyombo vya habari vikajumlisha kweli, kila kimoja kikawa na namba zake, na watu wakaanza kupiga kelele kwamba tayari kura zimeibwa, kumbe huyu kaanza na fomu za huku na yule kaanza na za kule, wote wanasoma karatasi zilezile.