Kaa Anayejikatia Kofia ya Sifongo

Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa sana, ukipita mwambani waweza kuona kipande cha sifongo kikisogea taratibu. Usidhani kinasukumwa na maji. Chini yake yumo kaa, na kipande hicho amekikata mwenyewe.

Ni kaa wa jenasi ya Dromia, wanaopatikana pia katika pwani yetu. Kwa magando yake hukata pande la sifongo hai (mnyama yule yule ambaye aina yake nyingine hulimwa na akina mama wa Jambiani, Zanzibar), hulichimba upande wa chini mpaka lilingane na mgongo wake, kisha hujivika. Kinachonishangaza zaidi ni miguu. Kaa ana jozi tano, ya kwanza ikiwa magando. Kwa huyu, jozi mbili za mwisho ni fupi, zimepanda mgongoni, na ncha zake zina vikulabu vya kushikilia mzigo. Hutembelea jozi mbili tu zilizobaki. Nusu ya miguu yake ya kwendea ameitoa kwa ajili ya kujificha!

Sifongo humficha kwa rangi na umbo, lakini kuna zaidi: sifongo nyingi zina kemikali chungu au zenye sumu, na samaki huziepuka. Kwa hiyo nawaomba sana wanaochokoa pweza, na watoto wanaocheza mwambani, wasimvue kofia hiyo ili kumtazama. Mnamwacha mgongo wazi mchana kweupe, na hana budi kutafuta sifongo nyingine na kuanza kuchonga upya.

Huko Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliwapa kaa wa jamii hii sponji za kiwandani. Kaa hao walizikata na kuzichimba vilevile, wakubwa wakijitengenezea kofia kubwa zaidi. Baadhi ya wakubwa kupita wote hawakuvaa chochote. Kwa maoni yangu, ukubwa wenyewe ulishakuwa kinga.

Wengine wana mbinu zao. Kaa wa jenasi ya Dorippe hubeba ganda la chaza, jani, hata konyeza. Kaa aitwaye Camposcia retusa yeye hashikilii kitu: mwili wake una vinyweleo vilivyopinda, naye hupachika humo mwani na vipande vya sifongo hadi miguuni. Shida huja anapojivua gamba, kwa kuwa mapambo hubaki kwenye gamba kuukuu. Baadhi ya kaa wapambaji huyachopoa hapo, kimoja kimoja, na kuyapachika kwenye gamba jipya.