Je, wajua kwa nini injini ya silinda sita za mstari mmoja hutulia kuliko V6?

Chukua sedani tatu za Ujerumani zinazogombea mteja mmoja: Audi S4 ya petroli ya mwaka 2016, Mercedes-AMG C 43 baada ya maboresho ya 2018, na BMW M340i ya 2019. Zote zina silinda sita na turbo. Ujazo wa injini ya Audi ni cc 2,995, ya Mercedes cc 2,996, ya BMW cc 2,998. Cc tatu hazijazi hata kijiko cha chai. Nguvu nazo zinakaribiana: farasi 354, 390 na 374. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Audi na Mercedes hutumia sekunde 4.7, BMW sekunde 4.4.

Kwa karatasi ni ndugu. Lakini ukipanda moja baada ya nyingine, unaitambua BMW hata ukiwa umefumba macho. Ukikanyaga mafuta, mizunguko inapanda kwa sauti moja isiyokatika, na usukani hautetemeki mkononi. Siri iko kwenye namna silinda zilivyopangwa. BMW imezipanga sita zote kwenye mstari mmoja. Wenzake wamezigawa tatu kushoto na tatu kulia, zikaunda umbo la herufi V.

Huhitaji gari la Ulaya kuliona jambo hili. Niliwahi kusimama gereji palipokuwa na Toyota mbili zimefunguliwa boneti: Mark II GX110 yenye injini ya 1G, silinda sita za mstari mmoja, na Mark X yenye V6 ya 4GR. Fundi aliiwasha Mark II, akachukua sarafu ya shilingi 200, akaisimamisha kwa ukingo juu ya injini. Ikasimama pale. Akafanya vilevile kwenye Mark X. Sarafu ikacheza kidogo, ikalala. Si kipimo cha maabara, maana mauntingi (raba zinazoshikilia injini) zilizochoka au plagi mbovu zinaweza kuangusha sarafu kwenye injini yoyote. Ila alichotaka kunionyesha nilikielewa.

Sasa tuingie ndani ya injini. Pistoni inapopanda na kushuka inausukuma mwili wa injini upande wa pili, kama vile mtu anavyoruka ndani ya mtumbwi na mtumbwi ukazama kidogo. Pistoni moja ikipanda huku nyingine ikishuka, misukumo inafutana. Ndivyo injini ya silinda nne inavyojaribu kufanya: mbili juu, mbili chini. Tatizo ni konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Kwa sababu inainama kranki inapozunguka, pistoni haiendi kwa mwendo uleule njia nzima. Nusu ya juu ya safari yake huikimbia haraka kuliko nusu ya chini. Kwa hiyo zinazopanda na zinazoshuka hazifutani kabisa. Kinachobaki ni mtetemo unaopiga mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki, na ndio ule unaousikia kwenye kiti cha gari dogo likiwa limesimama kwenye foleni.

Ukiwa na silinda tatu kwenye mstari, mtetemo huo wa juu na chini unafutika. Linakuja jingine. Rudi kwenye mtumbwi: watu watatu wamekaa kwa mstari, wanainuka na kuketi kwa zamu, wa mbele, wa kati, wa nyuma. Mtumbwi hauzami wala hauibuki, lakini unayumba, mara omo juu, mara tezi juu. Hivyo ndivyo injini ya silinda tatu inavyofanya.

Wageuze sasa wawe sita, watatu wa nyuma wakiwatazama watatu wa mbele kama kwenye kioo. Wa kwanza na wa sita wanainuka pamoja, wa pili na wa tano pamoja, wa tatu na wa nne pamoja. Kila kinachotaka kuinua omo kinajibiwa palepale na kinachotaka kuinua tezi. Mtumbwi unatulia. Injini ya silinda sita za mstari mmoja ni hiyohiyo: pistoni zinakwenda kwa jozi za kioo, jozi zimeachana nyuzi 120, na mlipuko mmoja unatokea kila nyuzi 120. Hakuna shafti ya ziada ya kutuliza. Jiometria peke yake inafanya kazi yote.

V6 ni mitumbwi miwili ya watu watatu iliyoegemezwa. Kuyumba kumebaki, na kila kampuni inalituliza tatizo hilo kwa njia yake. Mercedes kwenye C 43 hiyo ilitumia pembe ya nyuzi 60 na uzito wa kusawazisha kwenye kranki, ikaweza kuachana na shafti ya kutuliza. Audi ilichagua nyuzi 90, ikaiweka turbo katikati ya V, na ikalazimika kuongeza shafti hiyo. Ni kazi nzuri za uhandisi, sizibezi, lakini ni tiba ya ugonjwa ambao mstari mmoja hauna.

Basi kwa nini V6 ilienea hivyo? Nafasi. Pistoni za BMW hii zina kipenyo cha milimita 82. Zipange sita zigusane, tayari una milimita 492, karibu nusu mita, na hujaweka kuta za silinda. Injini ndefu hivyo ni vigumu kuilaza kwa upana kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na inakula sehemu inayotakiwa kukunjika gari likigonga. Audi inaiweka injini mbele ya ekseli. Huko mstari wa sita usingetosha. Mercedes nayo ilipohamia V6 mwaka 1997 ilitaka injini itakayochangia sehemu na V8 zake. Nissan Skyline ikafuata 2001. Toyota ikaiaga Mark II mwaka 2004 na kuleta Mark X.

Wengine wakarudi. Mwaka 2017 Mercedes ilizindua M256, silinda sita za mstari mmoja. Pampu ya maji na kompresa ya AC zinaendeshwa kwa umeme wa volti 48, kwa hiyo mikanda ya mbele imeondolewa na injini imefupika. Jaguar Land Rover ikafuata 2019, Mazda 2022. Lakini C 43 haikupata injini hiyo. Mwaka 2022 ilipewa silinda nne za lita mbili zenye farasi 408. Farasi wameongezeka, na bado mimi naiona ni hasara.

Na Toyota, iliyoipa dunia 2JZ, injini maarufu ya silinda sita za mstari mmoja, ilipoirudisha Supra mwaka 2019 ilitaka tena sita za mstari mmoja. Ya petroli haikuwa nayo tena kiwandani. Ikaenda kuichukua kwa BMW: B58, injini ya ukoo uleule na ile ya M340i.