Udongo mwekundu wa Dodoma haukuunguzwa na jua

Katika makundi ya mazungumzo ya simu hurudi mara kwa mara ujumbe usemao kwamba udongo wa Dodoma ni mwekundu kwa sababu umeunguzwa na jua, na kwamba umekufa, haufai kulimwa. Sivyo. Wekundu huo unatokana na madini ya chuma yaliyomo katika miamba mama, yaani miamba iliyomeguka ikawa udongo, ikiwemo matale (graniti); madini hayo yakikutana na maji na hewa kwa maelfu ya miaka hupata kutu na kubaki katika udongo usiotuamisha maji.

Anayetaka kuhakikisha achimbe shimo la mita moja, mahali ambapo mwanga haufiki, na mara nyingi ataukuta wekundu uleule. Kisha ateremke hadi mbugani, yaani kwenye bonde tambarare: huko, ingawa jua ni lilelile, udongo ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, kwa kuwa mteremko hupeleka maji na chembe laini bondeni. Mwamba, hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi na muda hufanya kazi kwa pamoja kuunda udongo.

Mkanganyiko unaeleweka, maana tofali la udongo huiva likawa jekundu; lakini tanuri lina joto la mamia ya nyuzi, ambalo jua letu, pamoja na ukali wake wote, halilifikii.

Zabibu za Dodoma hustawi katika udongo huohuo mwekundu. Ujumbe huo usisambazwe tena, kwani unaweza kumfanya mtu auze shamba zuri kwa bei ya kutupa. Rutuba hujulikana kwa kupima sampuli maabara, si kwa rangi.