Pengo katikati ya mistari ya hidrojeni kloridi

Ipime gesi ya hidrojeni kloridi kwa kifaa butu, utaona vilima viwili vinene vya mwanga uliomezwa wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na bonde kati yake, karibu na 2886. (Nahesabu mawimbi yanayoingia katika sentimita moja, ndiyo desturi ya kazi yetu.) Wengi huishia hapo. Mimi huongeza mwendo wa kioo cha interferometa (kifaa kinachogawa mwanga na kuunganisha tena ili kuupima), kwa maana kadiri kinavyosafiri mbali, ndivyo mistari iliyobanana inavyoachana. Vilima huvunjika: kumbe kila kimoja ni safu ya mistari myembamba, iliyopishana kwa takriban 20.

Molekuli hutetema na kuzunguka kwa wakati mmoja. Inapomeza mwanga, mzunguko wake sharti upande au ushuke ngazi moja. Kubaki palepale ni mwiko. Kwa hiyo mstari wa katikati haupo. Nimeliona pengo hilo mara nyingi mno, na bado hunisimamisha.

Sasa chukua mistari miwili: 2906.25 na 2843.62. Wa kwanza huanzia ngazi ya 0 ya mzunguko, wa pili ngazi ya 2, lakini yote huishia ngazi moja ileile ya juu. Toa mmoja kwa mwingine: 62.63. Mtetemo umejifuta wenyewe! Kilichobaki ni mzunguko mtupu, mara 6 ya kigezo chake (namba inayopanga nafasi kati ya ngazi za mzunguko), ambacho basi ni 10.44. Ukijua uzito wa atomu, kigezo hicho hukupa umbali kati ya hidrojeni na klorini: pikomita (sehemu za trilioni za mita) 128 hivi.

Tazama tena kila mstari. Una pacha dhaifu pembeni, umbali wa takriban 2. Huyo ni klorini-37, nzito kidogo, hivyo hutetema polepole kuliko klorini-35. Kimo cha mistari hiyo miwili hukaribia 3 kwa 1, kama isotopi hizo (aina za klorini zenye uzito tofauti) zilivyo katika asili.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kujaza gesi nyingi ili mistari iwe mirefu. Molekuli zikigongana ovyo, mistari hunenepa na utengano wote hupotea. Punguza shinikizo, refusha njia ya mwanga. Katika joto la chumba, mbio za molekuli zenyewe huupa mstari unene wa karibu 0.006; ukifika hapo, kurefusha mwendo wa kioo hakuupunguzi tena.